Ukuta umeharibika na unataka wolpepa? Maswali tunayoulizwa kila siku

Kila wiki napokea picha za kuta kwenye simu. Rangi imebanduka, plasta imevimba kama chapati inayoiva, chini kuna vumbi jeupe, afu chini ya picha mtu ameandika "dada ntahitaji roli ngapi?" Roli tutahesabu dakika mbili tu, shida ni huo ukuta. Nimechoka kurudia majibu yaleyale usiku wa manane kwa hiyo nimeyaweka hapa, yasome kabla hujalipia mzigo. Mi nabandika wolpepa, yaani karatasi za urembo wa ukutani, na nafanyia kazi Dar kwa hiyo mengi humu ni ya nyumba za tofali za saruji, ila wa nyumba za mawe za pwani nimewawekea swali lenu huko chini.

Si ndo maana nanunua wolpepa, ili ifiche ukuta mbaya?

Inaficha rangi usiyoipenda na michoro ya watoto. Ukuta mbaya haiufichi. Wolpepa nyingi unene wake haufiki hata milimita moja, kokoto dogo la mchanga lililobaki ukutani linasimama kama chunusi, na ukiwa na ile taa ya pembeni ya kurembesha sebule ndo balaa kabisa, kila bonde na kila mlima unaonekana.

Afu kuna kitu wauzaji wengi hawakwambii. Zile zinazosifiwa kwamba unaweza kuzifuta na kitambaa zina tabaka la plastiki juu, maji hayaingii na mvuke hautoki. Ukuta ukiwa na unyevu, ule unyevu uliokuwa unatoka taratibu kupitia rangi sasa umezibiwa njia, unakaa nyuma ya karatasi, gundi inalainika, fangasi weusi wanaota, na wewe unaanza kusikia harufu kama ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Hili nimejifunza kwa aibu. Moja ya kazi zangu za mwanzo ilikuwa kwa wifi yangu, sebule yake ukuta mmoja umepakana na bafu, nikaona rangi imevimba kidogo nikakwangua juujuu nikabandika, tukapiga picha tukafurahi. Masika ilipokwisha akaniita, nikashika kona ya chini nikavuta taratibu tu, ikaja yote na skimu yake (lile tabaka jembamba la kulainisha plasta) mgongoni kama mkeka unaokunjwa, nyuma ukuta umelowa na mweusi. Nilimrudishia hela yake, na mpaka leo kila nikienda kula kwake ananikumbusha mbele ya watu.

Ntajuaje ukuta wangu umeharibika kiasi gani?

Huhitaji mashine. Vitu vinne, nusu saa, isipokuwa cha mwisho kinachotaka siku moja au mbili.

Cha kwanza gonga. Chukua mpini wa bisibisi au vifundo vya vidole, gonga ukuta wote kila baada ya shibiri moja, sikiliza. Plasta iliyoshika inatoa sauti nzito iliyofungwa, iliyoacha tofali inalia kama debe tupu. Kila panapolia zungushia chaki, ukimaliza rudi nyuma uangalie ramani yako, watu wengi wanashangaa.

Cha pili pitisha kiganja kikavu kwa nguvu. Mkono ukitoka mweupe kama umeshika unga wa ngano basi rangi au skimu imechoka, hakuna gundi itakayoshika hapo, itashika unga.

Cha tatu tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Chana rangi kwa wembe alama ya msalaba, bandika tepu juu, sugua, ivute ghafla. Ikija na vipande vya rangi, ujue wolpepa nayo itavuta hivohivo maana gundi ikikauka inajivuta.

Cha nne nailoni. Kata kipande kama futi moja na nusu kila upande, kibandike ukutani na tepu kuzunguka pembe zote pasipite hewa, acha masaa 24 mpaka 48. Matone yakiwa nyuma, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni hewa ya chumba yenye unyevu inakutana na ukuta wa baridi, hii tunaiona sana vyumba vyenye AC kali. Hizo ni shida mbili tofauti na dawa zake tofauti, usiruhusu fundi azichanganye.

Ukuta chini unatoka chumvi, rangi inabanduka kila mwaka hata nikipaka upya. Wolpepa itasaidia?

Haitasaidia, na hapa ntakaa kidogo maana nusu ya picha ninazotumiwa ni hizi.

Ile poda nyeupe wengine wanaiita magadi, wengine fangasi nyeupe. Siyo fangasi. Ni chumvi zilizokuwemo kwenye udongo, mchanga, tofali au saruji, maji yameziyeyusha yakazibeba mpaka uso wa ukuta, maji yakakauka chumvi ikabaki. Ikiganda inatanuka, na ule mtanuko ndo unaosukuma rangi na kupasua plasta. Kwa hiyo kama hakuna maji yanayotembea, hakuna chumvi inayotoka. Unatafuta maji kwanza.

Angalia uharibifu uko wapi. Kama ni mkanda chini kabisa unaokwenda sawasawa, kwa kawaida hauzidi mita moja hivi kutoka sakafuni, maji yanapanda kutoka ardhini. Aidha wakati wa kujenga hawakuweka ile nailoni nzito juu ya msingi, au iliwekwa afu baadae mtu akajaza kifusi nje, akajenga baraza au akapanda maua mpaka udongo ukapita juu yake. Hilo la pili ni la kushukuru Mungu, chimba udongo wa nje ushuke chini ya usawa wa sakafu ya ndani, weka mteremko maji yaende mbali na nyumba, nusu ya kazi imeisha. Kama doa ni la duara katikati ya ukuta, muulize fundi bomba. Kama linaanzia juu linashuka, ni paa au mfereji. Kama liko chini ya dirisha, angalia nje pale kwenye kizingiti, mara nyingi pana ufa au pameteremkia ndani badala ya nje.

Na kuna ya mchanga. Plasta iliyopigwa na mchanga wa baharini ina chumvi ndani yake, na chumvi ya bahari inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo huo ukuta hata uzibe mabomba yote bado siku za mvua utalowa wenyewe. Dawa yake ni moja, kuibomoa hiyo plasta. Samahani lakini ndo hivo.

Ukishamaliza chanzo, bandua plasta yote iliyoathirika na upite kama futi moja juu ya pale doa linapoishia, maana chumvi huwa imeshapanda zaidi ya jicho linapoona. Piga brashi ngumu kavu, kavu nasema, ukimwagia maji unairudisha chumvi ndani, kusanya vumbi ulitoe nje. Afu uache tofali lipumue. Wiki kadhaa, madirisha wazi, feni kama ipo. Hapa ndo wateja wananikasirikia. Halafu ndo plasta mpya kwa mchanga wa mto uliooshwa.

Rangi ya kuzuia maji kupaka kwa ndani peke yake ni kujidanganya, maji yakikuta njia imezibwa yanapanda juu zaidi yanatokea juu ya ile rangi. Nimeona mkanda wa doa umehama kutoka kwenye skateng (ule mkanda wa chini ya ukuta) mpaka usawa wa swichi.

Nina nyufa. Upi nizibe na upi niogope?

Vinyufa vyembamba kama nywele vilivyosambaa kama ramani ya mito ni plasta ilikauka haraka au ilikuwa na saruji nyingi mno, havina hatari, skimu inatosha. Ufa uliosimama wima pale nguzo ya zege inapokutana na tofali ni wa kawaida sana, vitu viwili havitanuki sawa kwenye joto, huo ukiziba bila neti utarudi mwaka huohuo. Ufa wa mshazari kutoka kona ya mlango au dirisha, huo uangalie. Na ufa unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya tofali, au ambao upande mmoja wa ukuta umetoka mbele kuliko mwingine, au upana umezidi milimita 5, usiniite mimi, ita mtu wa uhandisi aangalie msingi.

Kama huna uhakika unatembea au umetulia, paka kidonge cha jipsam kiukatishe ufa, kama upana wa vidole viwili, andika tarehe kwa penseli pembeni. Kaa nacho miezi miwili mitatu, ikiwezekana mvua ziipitie. Kidonge kikikatika, ufa bado unafanya kazi.

Wa kuziba unauzibaje: usipake tu juu. Chukua tindo au kona ya skrepa uufungue uwe na mdomo mpana kidogo kama herufi V, toa vumbi lote, lowesha kidogo, jaza kwa kusukuma ndani, ukikauka weka neti ya faiba juu yake upana kama sentimita 5 kila upande, funika kwa skimu nyembamba mbili ukitanua ya pili kuliko ya kwanza. Kwenye nguzo na tofali mi napendelea kubandua plasta kabisa, kupigilia waya wa kuku ukashika pande zote mbili, ndo narudisha plasta.

Plasta inalia debe, lazima nibomoe yote?

Hapana. Kama ni viraka viwili vitatu bomoa hivyohivyo. Ila ukuta ukiwa zaidi ya nusu umezungushiwa chaki, bomoa wote, kazi ya viraka kumi na tano itakula muda na hela kuliko kupiga upya na bado itaonekana.

Kiraka kinakwenda hivi. Kata pembezoni kwa tindo kwa kulalia, mdomo wa ndani uwe mpana kuliko wa nje, ili plasta mpya ijifunge. Safisha mpaka uone tofali lenyewe. Lowesha, lakini maji yasitiririke, tofali kavu litanyonya maji ya plasta yako yote kabla saruji haijashika na kitabaki kitu kama biskuti. Rusha kwanza uji mzito wa saruji na mchanga kwa nguvu uwe na meno meno, kesho yake ndo jaza, saruji 1 kwa mchanga 4 au 5. Fundi atakayekwambia aweke 1 kwa 2 ili iwe ngumu zaidi mkatalie, saruji ikizidi ndo inapasuka. Unene ukizidi sentimita moja na nusu piga mara mbili, usijaze kwa mkupuo. Na simamia kiraka kiishie milimita 2 au 3 ndani kuliko uso wa ukuta wa zamani, hiyo nafasi ni ya skimu. Kikitokeza nje ya ukuta hata kidogo utakisaga mpaka ulie. Afu kimwagilie kwa siku kadhaa, hii watu wanasahau kwa vile ni kiraka tu.

Mchanga upime kabla. Chukua chupa ya maji ya kunywa inayoonyesha, jaza mchanga mpaka nusu, weka maji, tikisa sana, iache masaa matatu. Mchanga unakaa chini, tope linakaa juu yake kama blanketi. Hilo blanketi likizidi sehemu moja kwa kumi ya kina cha mchanga, rudisha mchanga au uoshe.

Unga wa jipsam, saruji nyeupe, au puti ya ndoo?

Inategemea. Ukuta wa ndani mkavu kabisa, unga wa jipsam, unasagika vizuri na ni laini kama kioo. Ukuta uliopakana na bafu au jiko, au wenye historia ya unyevu hata kama umeshatibiwa, puti yenye saruji nyeupe, maana jipsam ikilowa inalainika. Ya ndoo iliyokwisha kuchanganywa ni nzuri kwa mashimo ya misumari na kumalizia, kwa ukuta mzima utafilisika.

Kwa hesabu ya haraka jipsam inakula karibu kilo moja kwa mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Ukuta wa mita 10 za mraba, skimu ya milimita 2, andaa kilo 20 hivi.

Kuchanganya: maji kwanza kwenye ndoo, afu unga unanyunyiza juu mpaka ufanye kisiwa, acha unywe, ndo koroga. Changanya unachoweza kumaliza ndani ya robo saa. Ikianza kuganda usiongezee maji, itupe, ile uliyoifufua haitashika tena vizuri. Na ndoo iwe safi, mabaki ya mkorogo uliopita yanafanya mpya igande upesi, utamsikia fundi anasema unga ni mbovu kumbe ndoo ndo mbovu.

Kingine, mafundi wanapenda kuchanganya jipsam na saruji ya kawaida nusu kwa nusu "ili ikaze". Kwenye ukuta mkavu unaweza usione kitu. Kwenye unyevu hivyo viwili vinatengeneza chumvi inayovimba, na skimu inajisukuma yenyewe kutoka ukutani. Kiwandani jipsam wanaiweka kidogo tu kwenye saruji ili isigande haraka, ile wamepima, wewe na koleo lako hujapima.

Ukuta una rangi ya mafuta au silki, naweza kubandika juu yake?

Kama imeshika vizuri (kumbuka tepu), ndiyo, ila inayoteleza haishiki gundi. Osha na maji ya sabuni kutoa mafuta ya mikono na moshi, suuza, ikauke, sugua na msasa namba 120 mpaka ule mng'ao ufe wote. Ukuta uwe na rangi ya kufifia kama ubao wa shule uliofutwa vibaya. Kama tepu ilitoka na rangi, kwangua yote, hakuna njia ya mkato.

Nyumba za zamani, rangi ya mafuta ya miaka hiyo inaweza kuwa na madini ya risasi ndani, vumbi lake ni sumu na kwa watoto ndo mbaya zaidi. Usisugue kavu. Lowesha ukisugua, vaa barakoa, watoto na mama mjamzito wasiwepo, deki kwa maji usifagie.

Kuna ukungu mweusi ukutani.

Jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, paka, acha dakika 15, sugua, suuza, kausha. Madirisha wazi. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo, inatoa hewa yenye sumu. Na ukungu ukirudi baada ya wiki mbili, maji bado yapo, rudi kwenye swali la chumvi.

Plasta mpya nisubiri muda gani?

Mi nasema wiki 4 kwa plasta ya saruji, masika ongeza. Sababu ni mbili. Ya kwanza maji, kuta zinaonekana kavu juu wakati ndani bado. Ya pili plasta mbichi ina ukali wa saruji, ule unaokula mikono ya mafundi, unaweza kula gundi na kubadilisha rangi ya karatasi, unaanza kuona madoa ya njano yasiyoeleweka. Jipsam nyembamba inakauka upesi zaidi, siku mbili tatu kukiwa na jua na hewa, utaiona inatoka kijivu inakuwa nyeupe sawasawa. Kipande kimoja kikibaki na kijivu hakijakauka, hata kama bwana harusi anakuja Jumamosi.

Praima (ile ya kupaka mwanzo kuandaa ukuta) ni lazima au ni biashara yenu?

Hahaha. Ni lazima. Skimu mpya inanyonya kama mtu aliyefungulia swaumu, inakunywa maji ya gundi kabla karatasi haijakaa, unashindwa hata kuisogeza ilingane mistari. Na viraka vinanyonya tofauti na ukuta wa zamani, ndo maana sehemu moja inashika na nyingine inafunguka. Futa vumbi kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, huu ufutaji ndo kazi ya bei rahisi kuliko zote na ndo inayorukwa kuliko zote. Paka praima ya akriliki ya ukutani. Kama hela imekata, emalsheni ya kawaida isiyo na mng'ao iliyolegezwa na maji inasogeza siku. Ikikauka pitisha mkono mmoja wa gundi yenyewe ya wolpepa uliyoilegeza zaidi, ikauke, ndo ubandike.

Gundi ya mbao iliyozimuliwa wengine wanaitumia kama praima. Mi siishauri. Gundi ya wolpepa ina maji, inakuja kuilainisha ile ya chini, karatasi inateleza siku ya kubandika na inafunguka baadae.

Hizi za kujibandika zenyewe, zile za sponji za 3D, si hazihitaji kutengeneza ukuta?

Zinahitaji zaidi. Ile gundi yake ya nyuma inashika kitu kisafi, laini na kisichotoa unga. Kwenye skimu isiyopakwa kitu inashika vumbi, usiku unasikia "pwaa" unadhani mwizi. Paka praima na mkono mmoja wa rangi, subiri rangi ikauke sawasawa, siku kadhaa, ndo bandika.

Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, Unguja. Plasta inaanguka, fundi anasema apige saruji ngumu.

Msikubali haraka. Nyumba za Mji Mkongwe, na za Lamu na Mombasa ya zamani, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na huo ukuta mnene unaishi kwa kupumua, unavuta unyevu na kuutoa. Ukiufunga na plasta ya saruji, maji yanakwama nyuma yake, saruji inasimama ngumu kama ganda huku chokaa na jiwe nyuma vinageuka unga, afu siku moja ganda linaanguka zima zima. Hapo kiraka kinatakiwa kiwe cha chokaa na mchanga safi, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ipewe muda maana chokaa inakaza kwa hewa, haina haraka.

Na wolpepa yenye plastiki kwenye hizo kuta sibandiki, nimekataa kazi tatu sasa. Ukitaka urembo, paka chokaa yenye rangi, au tengeneza fremu ya mbao mbele ya ukuta yenye nafasi ya hewa nyuma ubandike hapo. Mji Mkongwe pia umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo kabla ya kubomoa chochote ulizeni ofisi inayohusika na mji.

Soketi na swichi tunafanyaje?

Zima umeme kwenye meni swichi, hakikisha, fungua vifuniko, tengeneza plasta mpaka kwenye ukingo wa boksi. Boksi likiwa linacheza likazwe sasa hivi. Kupiga skimu mbichi kuzunguka waya wenye umeme ni ujinga na nimeuona.

Nimepanga. Baba mwenye nyumba hataki kutengeneza ukuta.

Usitumie hela yako kutibu maji ya msingi wa mtu. Mpigie picha, mwandikie ujumbe, mkubaliane kwa maandishi kama itakatwa kwenye kodi. Akikataa, weka kabati pale na wolpepa ipeleke ukuta mwingine.

Fundi anasema anamaliza yote siku moja, kutengeneza na kubandika.

Kwa ukuta mzuri wenye matundu mawili ya misumari, inawezekana. Kwa ukuta uliotuma picha, hapana, na ukimwambia hivo atajibu "bosi mi nimefanya hii kazi miaka mingi". Mlipe kwa hatua: kubandua na plasta, skimu na msasa, praima, kubandika. Usimpe ya hatua inayofuata kabla hujakagua.

Kukagua skimu nenda usiku. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni kwenye ukuta imulike kando siyo mbele. Kila bonde linatoa kivuli. Weka alama ya penseli kila unapoona, asubuhi mpe fundi msasa namba 150 na puti kidogo. Atanuna. Pitisha pia rula ndefu ya alumini, mwanga ukipita chini yake zaidi ya milimita 2 au 3 wolpepa yenye mistari itaonekana imepinda, yenye maua inaweza kusamehe.

Nimeshabandika na sasa kumevimba sehemu. Nifanyeje?

Gusa kwanza. Povu likiwa kavu na linasikika tupu, ni hewa au gundi haikufika: pasua kwa wembe mpya kufuata ua au mstari usionekane, ingiza gundi kwa bomba la sindano, bonyeza kwa kitambaa kutoka pembeni kuja kwenye mpasuo, futa iliyotoka. Likiwa limejaa unga ukibonyeza unasikia vichembe, skimu imeachia nyuma, hapo kipande kitolewe, ukuta utengenezwe, kirudi kipya kama ulibakiza roli (bakiza roli). Likiwa na ubaridi na harufu, usichome sindano wala nini, shika kona ya chini uvute yote, leo, kabla fangasi hawajafika kwenye nguo za kabatini.

Mkitutumia picha za kuta naomba zipigwe mchana na feni imezimwa, mapazia yasizibe. Na pigeni na upande wa nje wa ukuta huohuo.